Barua ya wazi kuhusu kurudiwa kwa filamu zetu za zamani za kutisha

Kwa Bodi ya Filamu Tanzania, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Moshi, ambako kwa miaka mingi niliendesha laibrari ya kukodisha kanda za video na baadaye CD, biashara iliyozimika watu walipohamia kwenye simu. Kinachonisukuma kuandika ni jambo ambalo vijana wanaotengeneza filamu hapa Moshi na kule Arusha wamekuwa wakilizungumza, na ambalo litafika mezani kwenu kama bado halijafika: nia ya kuzichukua filamu za kutisha za Kiswahili zilizotamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuzitengeneza upya kwa ajili ya watazamaji wa leo. Sipingi nia hiyo. Nimeitamani kwa muda mrefu. Ombi langu ni kwamba ninyi mnaotoa vibali, mnaolinda haki na mnaokopesha wasanii msiihesabu kuwa kazi ya kusafisha picha na kubadilisha sura za waigizaji. Anayeirudia filamu ya kutisha ana wajibu wa kuitafuta hofu yake upya, kwa kuwa watu wa leo hawaogopi yale yale kwa namna ile ile, na ana deni kwa filamu ya kwanza ambalo linapaswa kulipwa kabla kamera haijawashwa.

Ninazozungumzia ni kazi kama Nsyuka na Shumileta za mwongozaji Mussa Banzi, pamoja na nyingine nyingi zilizopita katika njia hiyo hiyo. Zilipigwa kwa kamera za video, kwa fedha kidogo, na wasomi wengi walizicheka kwa sababu damu ilionekana kuwa rangi na meno yalionekana kuwa ya kubandika. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta na niliona mambo tofauti. Kanda za kutisha ndizo zilizorudi zikiwa zimechakaa kuliko zote, na walikuwapo wateja waliokodi kanda asubuhi wakahakikisha wameirudisha kabla ya magharibi, kwa kuwa hawakutaka ilale nyumbani mwao. Filamu inayomfanya mtu mzima aogope hata ganda la plastiki lililoibeba imefanya kazi yake, hata kama meno ni ya kubandika.

Swali ni kwa nini filamu hizo hizo, zikiwekwa leo mbele ya kijana wa Majengo au wa Ngarenaro, humchekesha. Jibu rahisi ni kwamba picha zake ni mbovu, na jibu hilo ndilo litakalojaza maombi ya mikopo yatakayokuja kwenu, yakiorodhesha kamera mpya, ndege zisizo na rubani na kompyuta za kuunda majini yanayoruka. Jibu hilo lina kasoro, na kasoro yake ilikwisha kuonekana kwa wenzetu.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho, filamu ambayo mwigizaji wake maarufu kuliko wote, Janet Leigh, anauawa kabla hadithi haijafika katikati. Watazamaji hawakutegemea hilo hata kidogo, na Hitchcock alilinda siri yake kwa kusisitiza kwamba mtu yeyote asiingizwe ukumbini baada ya filamu kuanza. Mwaka 1998 mwongozaji Gus Van Sant aliirudia kwa rangi, akafuata mwandiko ule ule na karibu kila pembe ya kamera ya Hitchcock, na hata muziki wa Bernard Herrmann ukapigwa upya kwa ajili yake. Haikuleta fedha wala sifa. Vifaa vilikuwa bora, waigizaji walikuwa wazuri, na kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa mtazamaji asiyejua kinachokuja, ambaye alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma. Mtu wa 1998 alikuwa amesikia habari za bafu lile tangu utoto wake. Hali yetu ni hiyo hiyo. Mwanamke mzuri anayesimamisha gari usiku, kisha anateremka na miguu yake inaonekana kuwa kwato, alikuwa tishio kwa sababu wengi walikuwa wamemsikia kwa minong'ono na hawakuwa wamewahi kumwona. Leo ni kichekesho kinachosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kumpiga picha kwa kamera ya bei kubwa kutamfanya aonekane vizuri zaidi, na kadiri anavyoonekana vizuri ndivyo anavyozidi kuchekesha.

Upo mfano wa upande wa pili, na naomba mwombaji yeyote atakayefika kwenu aulizwe kama anaufahamu. Mtu Asiyeonekana ni hadithi ya H. G. Wells ya mwaka 1897, iliyofanywa filamu Marekani mwaka 1933, ikimfuata mwanasayansi aliyejifanya asionekane na kuharibikiwa akili. Mwaka 2020 Leigh Whannell aliirudia kwa bajeti ya dola milioni 7 tu, fedha ambazo kwa viwango vya Hollywood ni kidogo, na akafanya uamuzi mmoja uliobadilisha yote: alimwacha mwanasayansi pembeni na kumfuata mwanamke anayemkimbia. Mwanamke huyo anajua kwamba mwanamume aliyekuwa akimtesa bado yumo chumbani, anawaambia watu, na hakuna anayemwamini. Kamera inageukia kona tupu ya chumba, inakaa hapo, na mtazamaji anaogopa kona ambayo haina kitu. Kona tupu haigharimu chochote. Kilichogharimu ni kufikiri nani hasa, katika hadithi hii, ndiye anayeogopa.

Kwa uamuzi wa aina hiyo naiona njia ya kulitatua tatizo zito kuliko yote katika filamu zetu za zamani, ambalo ni mchawi. Katika kanda nyingi nilizokodisha mchawi alikuwa bibi kizee anayeishi peke yake, na waliomrembesha walihakikisha kwamba ana macho mekundu. Macho mekundu yalikuwa alama iliyomtosha mtazamaji. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waheshimiwa, ninyi mnajua kama ninavyojua kwamba katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kwamba macho mekundu yamekuwa yakitajwa na wauaji na wachochezi kama uthibitisho, ilhali yanatokana na miaka mingi ya kupika kwenye moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mnajua pia mauaji ya Watanzania wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia mwaka 2007 na kuendelea, ambayo chanzo chake kilikuwa waganga walioahidi utajiri kwa viungo vya binadamu. Sisemi kwamba filamu ndizo zilizoua. Imani hizo zina umri mkubwa kuliko deki ya kwanza kuingia Tanzania. Nasema kwamba anayemrudisha leo bibi yule wa macho mekundu bila kubadilisha chochote hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa sababu nahofia jibu la haraka la Bodi. Siombi mchawi afutwe katika filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inawapa nafasi ya kuupitia mwandiko kabla ya kutoa kibali, na nafasi hiyo mara nyingi hutumika kama mkasi: ondoa hiki, punguza kile, ongeza mchungaji mwishoni ashinde. Filamu ya kutisha iliyokatwa kwa mkasi wa namna hiyo hubaki na mafunzo mengi na hofu kidogo, na vijana huikimbia na kwenda kutazama za Korea. Ninachoomba ni swali. Mwulizeni mwandishi: katika hadithi hii tunatazama kwa macho ya nani? Fikirini filamu ile ile ya zamani, kijiji kile kile, usiku ule ule, lakini kamera iko ndani ya nyumba pamoja na bibi. Amesikia watoto wakilitaja jina lake kisimani mchana. Mjukuu wake hakuja kama alivyoahidi. Sasa anasikia hatua za watu wengi wanaojitahidi kutembea kimya. Mchawi anaweza kuwapo katika filamu hiyo, na anaweza kuwa wa kweli kabisa, akiwa mmoja wa wale wanaokuja na mapanga. Hiyo ni filamu ya kutisha kwa mtu wa leo, na haidai hata senti moja ya majini ya kompyuta.

Wanigeria, ambao kanda zao zilijaza nusu ya rafu zangu, wamefanya jambo la kujifunza katika hili. Living in Bondage ya mwaka 1992, ile ya mtu anayemtoa mke wake kafara ili apate utajiri, ilipigwa kwa video na kuuzwa kwa kanda kama zetu. Walipoirudia mwaka 2019 chini ya uongozaji wa Ramsey Nouah hawakumchukua kijana wa kumwigiza Andy Okeke upya. Walimtafuta mwanawe, aliyekua bila kumjua baba, wakamwonyesha akivutwa na maisha ya anasa kuelekea mlango ule ule, na Kenneth Okonkwo, aliyekuwa Andy wa kwanza, akarudi akiwa mzee. Waliokua na kanda ya 1992 walipata mwendelezo, na waliozaliwa baadaye walipata hofu ya rika lao. Sisi tuna mali ya namna hiyo tele. Kijana wa leo hahitaji kuelezwa kuhusu fedha za haraka. Anayemnyonya anaingia kwa mikopo ya kausha damu, au kwa programu ya simu inayosoma majina ya ndugu zake wote na kuwatumia ujumbe wa kumwaibisha siku anapochelewa kulipa. Bibi zetu waliogopa mumiani aliyekuja usiku kuchukua damu ya watu. Mtunzi mwenye akili anaweza kuwaunganisha wanyonyaji hao wawili bila kumwambia mtazamaji kwamba amewaunganisha.

Jambo la mahali nalo limenikera kwa muda mrefu. Karibu kila filamu ya kutisha ya wakati ule ilichezwa katika nyumba moja ya vigae na makochi ya ngozi huko Dar es Salaam, kwa sababu waigizaji na kamera walikuwa huko. Njooni Uchagani mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka Kibosho na Uru hadi mtu asiuone mgomba ulio hatua chache mbele yake. Tazameni yale majumba ya ghorofa yaliyojengwa Marangu, Machame na Rombo, yanayofunguliwa Desemba familia inaporudi kutoka Dar na nchi za nje, kisha yanafungwa kwa muda wote uliobaki wa mwaka, huku makaburi ya babu na bibi yakiwa hapo hapo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na masale yamepandwa kuonyesha kwamba mahali hapo pana wenyewe. Nani anaishi katika nyumba hizo kuanzia Januari? Mlinzi mmoja, labda na mkewe. Sijui mwandishi gani wa filamu za kutisha duniani angepewa hali kama hiyo akaomba badala yake sebule ya vigae. Mikopo ya Mfuko ingeweza kabisa kutoa kipaumbele kwa kazi zinazopigwa nje ya Dar es Salaam. Gharama ya usafiri siyo kubwa, na hata treni ya abiria ilirejea Moshi mwaka 2019.

Kuhusu mbinu nitasema kidogo tu. Watazamaji wengi wa leo wanaitazama filamu kwenye simu, ndani ya basi, mchana, ambako giza la filamu halionekani kabisa na kioo kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Hofu yao itapitia masikioni. Wazee wa vibanda vya video wanalijua hilo: watafsiri kama Lufufu hawakugusa picha hata moja ya filamu za kigeni walizozisimulia, lakini kwa sauti yao peke yake walizifanya kuwa filamu nyingine. Bajeti isiyo na fungu la maana la sauti irudishwe kwa mwombaji.

Sasa nije kwenye deni nililolitaja mwanzoni. Mwaka 1922 F. W. Murnau alitengeneza Ujerumani filamu ya Nosferatu, akiifuata riwaya ya Dracula ya Bram Stoker bila idhini. Mjane wa mwandishi, Florence Stoker, alikwenda mahakamani, na mwaka 1925 ikaamriwa kwamba nakala zote ziteketezwe. Filamu hiyo ipo leo kwa sababu moja tu, kwamba baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa. Kutokana na nakala hizo Werner Herzog aliirudia mwaka 1979, na Robert Eggers akairudia tena mwaka 2024. Mambo mawili yamo katika kisa hicho. Mjane alikuwa na haki, na haki yake ilistahili kuheshimiwa kabla filamu haijatengenezwa. Na wakati huo huo, kama amri ile ingetekelezwa kikamilifu, dunia ingepoteza mojawapo ya filamu kubwa za kutisha na zote zilizozaliwa nayo.

Kwetu hakuna mahakama iliyoamuru kanda ziteketezwe. Zinateketea zenyewe. Kanda ya VHS ni utando wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku, na katika unyevu wa Moshi huota ukungu mweupe pembeni, kisha utando hushikamana na kuchanika ukiuingiza kwenye deki. Deki zenyewe hazitengenezwi tena. Kampuni ya Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka 2016. Filamu nyingi za wakati wangu zilifutwa kwa makusudi, kwa sababu kanda tupu ilikuwa na thamani kuliko filamu iliyokwisha kuuzika, na kanda mama, ile tuliyoiita masta, mara nyingi ilikabidhiwa kwa msambazaji moja kwa moja pamoja na haki zote, kwa malipo ya mara moja. Namfahamu mtayarishaji ambaye alikwenda kuulizia masta yake kwa msambazaji wake wa zamani akaambiwa kwamba chumba kilichohifadhi kanda kiligeuzwa kuwa stoo ya viatu. Anataka kuirudia filamu yake mwenyewe, na anaifuata kwa kumbukumbu.

Suala la haki lisichukuliwe kuwa la ziada. Filamu hizo bado zimo ndani ya muda wa kulindwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini mikataba mingi ilikuwa ya mdomo au ya karatasi moja iliyopotea, na vijana wanaotaka kuzirudia hawajui wamwombe nani. Wengine wataamua kutomwomba mtu. Marekani, Night of the Living Dead ya George Romero ya mwaka 1968 ilipoteza ulinzi wake kwa uzembe wa kiofisi: jina la filamu lilibadilishwa, na tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la kwanza likaachwa nje. Kila mtu aliiuza na kuinakili, na waliotumia jasho lao kuitengeneza waliangalia tu. Sisi tunaweza kufika hapo hapo kwa kukosa daftari.

Kwa hiyo naomba haya. Ofisi ya Hakimiliki ifungue daftari la filamu za video za Kiswahili za miaka ya 1990 na 2000, iwaite watayarishaji, waandishi, waigizaji na wasambazaji waje kudai au kukanusha umiliki wakati wengi wao bado wako hai. Mfuko usitoe mkopo wa kurudia filamu yoyote mpaka nakala bora inayopatikana ya filamu ya kwanza iwe imehamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali na kuwekwa mahali pa umma, na gharama hiyo iwe ndani ya mkopo wenyewe, kwani ni ndogo ukilinganisha na posho za siku chache za upigaji picha. Waigizaji wa filamu ya kwanza walio hai watajwe na, inapofaa, walipwe. Nayo Bodi imtake kila mwombaji aandike ukurasa mmoja, siyo zaidi, akieleza filamu ya kwanza iliwatisha watu kwa kitu gani, na yake itawatisha kwa kitu gani. Atakayeshindwa kuujaza ukurasa huo hajawa tayari, hata kama ana kamera ya aina gani.

Kanda ninazo, baadhi zikiwa za filamu ambazo sijaziona popote mtandaoni. Nitazikabidhi bila malipo kwa ofisi yoyote kati yenu itakayonipa stakabadhi yenye orodha ya majina yake na kunionyesha deki inayofanya kazi. Naomba jibu lije kabla ya masika, maana chumba zilimo kinavuja upande wa rafu za nyuma, na hizo ndizo za filamu za kutisha.

Wenu mtiifu,

Mkodishaji wa zamani wa kanda za video
Moshi, Kilimanjaro